Granulosa imeshatolewa, sasa nianze mstafeli na uwatu au nirudi tu kliniki?

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Mbagala, ana miaka 46, nalifupisha kidogo: "Shikamoo dokta. Damu zilinisumbua karibu mwaka mzima, nikaambiwa ni mambo ya umri, baadae ultrasaundi ikaonyesha uvimbe kwenye ovari. Nimefanyiwa operesheni, wametoa kizazi na ovari zote mbili, majibu ya nyama yamesema granulosa ya watu wazima, stage 1A. Dokta wangu anasema hamna kemo, niwe narudi kliniki tu. Yaani kansa halafu nikae hivi hivi? Shoga yangu kaniunganisha na mama anauza tiba lishe, kifurushi laki nne na nusu kwa mwezi, ndani kuna unga wa majani ya mstafeli, uwatu, vidonge vya soya na vingine vya kuweka ukeni vya kusafisha. Anasema ana wateja wa kansa kama yangu wana miaka mitano wazima kabisa. Mimi nataka kutibu mwili mzima, sio kusubiri irudi. Ninywe? Na binti yangu wa miaka 13 ataipata?"

Marahaba mdogo wangu, na pole kwa operesheni na kwa hofu, maana hofu ya mtu aliyeambiwa kansa halafu akarudishwa nyumbani bila hata kidonge kimoja naijua, wengi wanatoka pale wanahisi wametelekezwa. Ngoja tuanze hapo kwenye "hamna kemo" kwasababu ukipaelewa hapo hata huyo mama wa kifurushi utamsikiliza kwa sikio lingine.

Ndani ya ovari kuna seli zinazolizunguka yai na kulilea, kazi yake nyingine ni kutengeneza estrojeni, yaani homoni ya kike. Hizo ndo granulosa. Kansa nyingi za ovari ambazo watu wanazisikia zinaanzia kwenye utando wa juu au kwenye mirija, zinakimbia, zinajaza maji tumboni. Ya kwako ni ukoo mwingine kabisa, katika kansa za ovari 100 hizi ni kama 2 mpaka 5 tu, na inakwenda taratibu. Kwa vile seli zenyewe kazi yao ni homoni, uvimbe nao unamwaga estrojeni hovyo, estrojeni inanenepesha ukuta wa kizazi, ndo zile damu zako za mwaka mzima. Ndo maana pia walikitoa kizazi na kukikagua, sio kwamba walikuonea, kwa baadhi ya wagonjwa ule ukuta unakutwa umeshaanza kansa yake yenyewe. (Na hapa niseme kwa dada zangu wote wanaosoma, kutoka damu hovyo hovyo kwa miezi ukiwa na arobaini na kitu "ni umri" ni jibu la mwisho, sio la kwanza. Unapimwa kwanza.)

Sasa 1A maana yake uvimbe ulikua ndani ya ovari moja tu, ganda lake halikupasuka, hamna kilichotoka nje. Katika hali hiyo zaidi ya wanawake 90 katika 100 wapo hai baada ya miaka mitano, na matibabu yenyewe ni ile operesheni. Kemo inapiga zaidi seli zinazogawanyika kwa kasi, hizi zinajivuta, na kwa mtu wa 1A kemo ingekupa madhara, figo, masikio, mapafu, bila faida ya maana. Kwahiyo dokta wako hajakutelekeza, amekutibu, imekwisha ile sehemu ya kutibu, imebaki ya kulinda. Ingekua stage ya mbele au uvimbe umepasuka, mazungumzo yangekua mengine.

Na hapa ndo nataka unielewe vizuri kuliko sehemu nyingine yoyote. Huyo mama anasema ana wateja wana miaka mitano wazima. Mimi simuiti muongo, inawezekana kabisa wapo! Ila wangekua wazima hata kama angewauzia unga wa muhogo. Granulosa ikiondolewa mapema mara nyingi inatulia, na ikija kurudi inarudi kwa kuchelewa, wengi ni baada ya miaka minne, mitano, sita, na wapo waliorudiwa baada ya miaka zaidi ya 20, yaani mtu ana wajukuu na alishasahau kama aliwahi kuumwa. Ugonjwa wa namna hii unampa sifa kila mtu aliyesimama karibu nao. Ukinywa mstafeli utasema mstafeli, ukinywa maji ya alkali utasema maji, ukiombewa na nabii wa kule Kimara utasema nabii, na mwenye kisu aliyetoa uvimbe hakumbukwi. Huyo mama mwenyewe anaamini kwa dhati pengine, anawaona wateja wake wanapendeza. Lakini yeye hatakuepo mwaka wa kumi na mbili kukupima.

Hatari yenyewe kwako sio kwamba utaruka operesheni, hiyo umeshafanya alhamdulilahi. Hatari ni kwamba utaanza kifurushi, utajisikia vizuri (ungejisikia vizuri tu, kidonda kinapona), halafu kliniki utaanza kuiona kama nauli ya bure. Kuna utafiti wa watu wa Chuo Kikuu cha Yale kule Marekani uliotoka 2018, waliwalinganisha wagonjwa wa kansa zinazotibika waliochagua tiba mbadala peke yake na waliotibiwa hospitali, wale wa kwanza hatari ya kufa ilikua mara mbili na nusu. Utafiti mwingine wa watu hao hao mwaka huo huo uliangalia waliochanganya vyote viwili, nao walikufa zaidi, na sababu kubwa haikua sumu ya majani, ni kwamba walikua wanakataa baadhi ya matibabu. Na huku kwetu hatuhitaji kwenda mbali, 2011 nchi nzima ilihamia Loliondo kwa kikombe cha Babu, shilingi 500, foleni ya magari kilomita na kilomita, na wapo walioacha dozi zao za ARV wakijua wamepona.

Haya tufungue kifurushi.

Mstafeli. Majani yake kwenye maabara yanaua seli za kansa, hilo ni kweli na ndo linalosambazwa wasap. Lakini kwenye kisahani cha maabara hata jiki inaua seli za kansa. Kwa binadamu hamna utafiti wa maana ulioonyesha linatibu. Upande wa pili kuna kitu ndani yake kinaitwa anonasini, kinadhuru seli za ubongo, na kule Guadeloupe visiwa vya Karibi madaktari walianza kuandika tangu 1999 kuhusu watu wengi wenye ugonjwa unaofanana na Parkinson (ule wa kutetemeka na mwili kukakamaa) lakini hausikii dawa zake, na wengi wao walikua watumiaji wa tunda na chai ya majani ya jamii hiyo. Haijathibitishwa moja kwa moja kwamba ndo chanzo, lakini mimi mtu akiniambia anywe kila siku kwa mwaka mzima namkatalia. Stafeli tunda, la msimu, umekaa na wanao mnakula, kula.

Uwatu na vidonge vya soya, hapa ndo nilishtuka. Mimea hii ina vitu vinavyojifanya estrojeni mwilini, ndo maana uwatu wanawake wanautumia kuongeza maziwa na hao wengine wanautumia kwa ajili ya hipsi na matiti. Wewe umetoka kutolewa uvimbe wa homoni, hata hizi homoni za hospitali za kutuliza joto la kukoma hedhi madaktari wengi hawampi mtu wa granulosa kirahisi, halafu uende kununua za kukisia kwenye kopo? Naomba tutofautishe chakula na vidonge. Soya kwenye lishe ya uji, kijiko cha uwatu kwenye achari au mchuzi, havina shida, wagonjwa wa kansa ya matiti ambao ndo wamefanyiwa utafiti zaidi hawajaonekana kudhurika na soya ya kula. Ninachokataa ni ile iliyokamuliwa ikashindiliwa kwenye kapsuli, na pia vidonge vyovyote vya "kurekebisha homoni" au vya shepu vinavyouzwa mtandaoni, hivyo ndo kabisa hujui wameweka nini.

Vya kuweka ukeni. Hapana. Hapana kubwa. Kwanza kizazi cha kusafisha hakipo mdogo wangu, wamekitoa, sijui anasafisha nini. Pili pale juu ukeni walipokishona pana mshono, ukiweka kidonge cha majani, ukijifukiza, ukiingiza maji, unakaribisha maambukizi na mshono unaweza kufumuka, na mshono wa pale ukifumuka utumbo unaweza kuchungulia, ni dharura ya usiku. Mpaka dokta akucheki na kukuruhusu hamna kitu kinaingia huko, na mume naye asubiri. Kama umeshaweka hata kimoja na unatoka uchafu wenye harufu au homa, leo usilale, nenda hospitali.

Najua kuna atakayesema nimeponda mitishamba. Siipondi, dawa za kemo zenyewe nyingi zimetoka kwenye mimea. Granulosa iliyosambaa mara nyingi inapewa mchanganyiko wa dawa tatu, moja inaitwa etoposaidi, imetengenezwa kutoka kwenye mmea wa porini. Lile ua la vinka, la waridi au jeupe, linaloota hovyo kwenye mabustani ya Dar mpaka makaburini, ndo lilitoa vinkristini inayotibu watoto wenye kansa ya damu. Pale Muhimbili chuoni kuna Taasisi nzima ya Tiba Asilia. Tofauti ni kwamba kile kilichotoka kwenye ua kinajulikana kipimo, kinajulikana kitafanya nini kwenye ini, na kimeshindanishwa na kitu kingine kwa wagonjwa wa kweli. Na huyo mama muulize kama amesajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, sheria yake ipo tangu 2002. Ila akikuonyesha cheti ujue cheti ni cha kumtambua yeye, sio ushahidi kwamba unga wake unazuia granulosa.

Maji ya alkali nipite haraka: damu yako mapafu na figo zinaishikilia kwenye pH (kipimo cha asidi na alkali) ya 7.35 mpaka 7.45 hata unywe bahari, maji unayapitisha tu kwenye mkojo. Sukari nayo, haiilishi kansa kwa namna wanavyosema, ukiacha sukari ukala ugali mwili unatengeneza sukari ile ile. Punguza soda kwa ajili ya uzito na kisukari, sio kwa kutishwa.

Sasa umesema unataka kutibu mwili mzima, na hilo nakuunga mkono asilimia mia, tena naona hospitali zetu hapo ndo zinapwaya, mgonjwa anapewa tarehe ya kurudi na hamna aliyemwambia mwili wake utakua vipi kesho. Wewe ovari zimetoka zote ukiwa na 46. Umeingia ukomo wa hedhi kwa siku moja, wenzio wanaingia kwa miaka. Kwahiyo ukiamka saa nane usiku shuka limelowa, moyo unadunda, ukadhani kansa imerudi, ni estrojeni imeondoka. Kwa joto la hapa Dar la mwezi wa kwanza na wa pili ni adhabu kweli. Lala na khanga ya pamba sio gauni la nailoni, feni ikuelekee miguuni, chai ya moto na pilipili za jioni zipunguze uone, pombe kama unatumia nayo inachochea. Ikizidi mwambie dokta, kuna dawa ambazo sio homoni kabisa, zilikua za msongo na za mishipa ya fahamu, zinapunguza lile joto vizuri tu. Na kuna ushauri nasaha wa kubadili namna unavyolipokea lile joto na kukosa usingizi, watu wanaudharau lakini umepimwa na unasaidia.

Mifupa ndo watu wanaisahau. Bila estrojeni inapungua kimya kimya. Dagaa wanaoliwa wazima na mifupa yao, maziwa au mtindi, mchicha, jua la asubuhi, na uzito. Uzito namaanisha kubeba, ukishapita zile wiki sita za mwanzo ambazo ndoo ya maji anabeba mtu mwingine, sio wewe, hata kama maji ya dawasa yamekuja saa tisa usiku na hamna wa kuyakinga. Baada ya hapo anza kutembea. Shuka daladala kituo kimoja kabla, jumapili nenda Coco Beach tembea mchangani, lengo ni kama dakika 150 kwa wiki, sio lazima siku moja. Mazoezi ndo kitu kimoja kwenye hii habari yote ya "njia za asili" chenye ushahidi mzito kwa wagonjwa wa kansa, yanapunguza ule uchovu usioisha kwa kulala, yanashusha hofu, yanasaidia usingizi na mifupa. Na ni bure, ndo maana hamna anayekuuzia kwenye kifurushi.

Ukavu ukeni utakuja, usione aibu kulisema. Ukisharuhusiwa, vilainishi vya maji vipo famasi, hata mafuta ya nazi safi wengine wanatumia, ila ujue mafuta na kondomu za mpira haviendi pamoja. Mwambie na mumeo kwamba kansa haiambukizwi kitandani na wewe bado ni mwanamke yule yule, wanaume wengi wanakaa mbali sio kwa kuchukia ni kwa kuogopa kukuumiza, halafu wewe unatafsiri vingine.

Dua, maombi, kwaya, kisomo, endelea. Mtu aliyetulia rohoni anarudi kliniki na analala. Mpaka wangu ni mmoja tu, kiongozi wa dini akikwambia kurudi hospitali ni kukosa imani, tafuta mwingine. Tangawizi, manjano, kitunguu swaumu, vya jikoni tumia, vidonge vyake vyenye nguvu taja kwa dokta, na ukiwa na operesheni mbele viache kabla kama wiki mbili maana vinaweza kufanya damu ichelewe kuganda.

Turudi kwenye ile "kurudi kliniki tu", maana sio "tu". Kawaida miaka ya mwanzo ni kila miezi michache, baadae kila miezi sita, halafu kila mwaka, kwa muda mrefu sana, ikiwezekana maisha. Unachunguzwa kwa mkono, inapobidi ultrasaundi au CT skani, na kuna kipimo cha damu kinaitwa inhibini B. Seli za granulosa ndo zinaitengeneza, wewe ovari huna, kwahiyo inatakiwa iwe chini kabisa na ibaki chini. Ikianza kupanda kipimo baada ya kipimo, tunatafuta mapema, na granulosa iliyorudi ikiwa ndogo mara nyingi inatolewa tena kwa operesheni, na kuna dawa za vidonge za kuzuia estrojeni zinazowasaidia baadhi. Sio kila maabara ya hapa mjini wanayo, uliza hospitali unakotibiwa au pale Ocean Road, hospitali ya kansa, wakuelekeze, na jitahidi upime maabara ile ile kila mara. Wengi naona wanalipia CA-125 kila wakija, kile ni cha zile kansa nyingine za ovari, kwa granulosa kinaweza kuwa sawa kabisa na ugonjwa upo.

Kwahiyo laki nne na nusu ya kila mwezi mimi ningeifungulia akaunti, nauli, inhibini, skani ya mara moja moja, na ikibaki nunua feni nzuri. Chukua daftari la mwanao andika tarehe ya operesheni, stage, na kopi ya majibu ya nyama ibandike humo humo, kwasababu baada ya miaka 15 faili linaweza lisionekane na dokta atakuwa kijana ambaye leo yuko sekondari. Kabla ya tarehe yako rudi haraka ukiona tumbo linajaa au linauma upande mmoja, unashiba kwa vijiko vitatu, unatoka damu ukeni wakati kizazi hakipo, au matiti yanaanza kujaa na kuuma. Na moja ya ajabu kidogo, yale majoto ya usiku yakikatika ghafla yenyewe bila dawa, usishangilie kwanza, njoo tupime, inaweza kuwa kuna kitu kinatengeneza estrojeni tena.

Kuhusu binti. Hii sio ya kurithi kwa kawaida. 2009 watafiti wa Vancouver kule Kanada waligundua kwamba karibu granulosa zote za watu wazima zina hitilafu moja ile ile kwenye jini inaitwa FOXL2, na hitilafu hiyo inatokea kwenye seli za uvimbe zenyewe, haiko kwenye damu uliyompa mtoto. Hana haja ya vipimo vyovyote kwa ajili ya hii. Ila kwa miaka 13 anastahili chanjo ya HPV ya kansa ya shingo ya kizazi, ni kansa tofauti na yako na huku kwetu ndo inayoua wanawake wengi, ilianza kutolewa nchi nzima 2018 kwa wa miaka 14 na tangu 2024 ni wa miaka 9 mpaka 14 kwa sindano moja, bure. Kama shuleni walipita hakuchanjwa, mpeleke kituo cha afya chochote cha serikali hapo hapo Mbagala.